Uwanja wa Mapambano Si Kichinjio

Wadau, leo nina kesi na viwanja vya mapambano. Wengi wenu mnanifuata kwa sababu ya ile michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ya dadu ya pande 20, ambayo sisi huku Ukunda tunacheza wikendi mpaka majirani wanadhani tunapigana kweli. Kwa wageni, nieleze kwa ufupi. Mtu mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na pale ambapo hakuna uhakika, dadu ndiyo inaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1991 ikatoka dunia nzima ya kubuni inaitwa Dark Sun, ambayo watumwa na magladieta wako kila mji. Yaani uwanja wa mapambano ni kitu cha kawaida kabisa kwenye huu mchezo.

Na hapo ndipo kesi yangu ilipo, manake viwanja vingi ninavyoviona vinachosha. Unaingia, geti linafungwa nyuma yako, zimwi linatoka, mnatupa dadu mpaka upande mmoja uishe. Umati unapiga kelele lakini hauna kazi, ni kama rangi ya ukuta. Ukimaliza unapewa mfuko wa dhahabu, wiki ijayo unaletewa zimwi kubwa zaidi. Ukiondoa neno "uwanja" ukaweka "msitu", hakuna kinachobadilika.

Nadhani shida ni kwamba tulijifunza viwanja kutoka kwa filamu, hatukujifunza kutoka kwa historia. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kunisahihisha karatasi, lakini kusoma sikuacha. Na nikisoma naona hivi: uwanja wa mapambano ni mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayeamua pambano lako litaishaje. Ukishajua huyo mtu ni nani, na anataka nini, pambano linaanza kujiandika lenyewe.

Tuanze Roma, manake huwezi kuongea habari ya magladieta ukaikwepa Roma. Na msiniambie Roma haituhusu. Kuna kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, kiliandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, kinaitwa Periplus. Kinaieleza pwani ya Azania, yaani hii yetu, mpaka soko la Rhapta, na kinataja bidhaa zilizotoka huku: pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa. Wakati Colosseum inafunguliwa mwaka 80 BK, pwani hii tayari ilikuwa kwenye daftari la biashara ya wale watu.

Mapambano ya kwanza ya magladieta yanayokumbukwa mjini Roma yalikuwa mwaka 264 KK, na yalikuwa matangani. Jozi tatu za wapiganaji, kwa heshima ya mzee aliyefariki, Junius Brutus Pera. Sikiliza hiyo vizuri: mazishi. Watoto wa marehemu walilipa ili watu waone na wakumbuke jina la baba yao. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, yule anayepigana si yule anayenufaika. Kuna mtu amekaa pembeni, amelipa, na anataka kitu.

Sasa bei. Karne ya 2 BK kulikuwa na mwanasheria anaitwa Gaius, aliandika kitabu cha kufundishia sheria. Humo ndani ametoa mfano wa mkataba wa magladieta: kila atakayetoka mzima, mwenye kuwaleta alipwe dinari 20. Kila atakayekufa au kulemazwa, alipwe dinari 1,000. Swali la Gaius lilikuwa kama huo mkataba ni wa kukodisha au wa kuuza, na jibu ni kwamba mzima amekodishwa, maiti imenunuliwa. Mara 50! Sasa fikiria wewe ndiye umefadhili tamasha. Utataka wafe wote? Utafilisika kabla ya adhuhuri, bana.

Ndiyo maana kulikuwa na refa. Kweli kabisa, refa na fimbo yake. Kwenye mozaiki ya Zliten, kule Libya, anaonekana amesimama na wapiganaji, na pembeni kuna wapiga muziki. Mwaka 1993 kule Efeso, Uturuki, yaligunduliwa makaburi ya magladieta, na waliochunguza mifupa walikuta majeraha mengi yaliyopona vizuri, ishara kwamba watu hawa walitibiwa. Hawakuwa wanatupwa tu. Walikuwa mali ya gharama.

Simaanishi ilikuwa mechi ya kirafiki. Watu walikufa, na wengi. Tena saa za mchana, katikati ya ratiba, waliohukumiwa kifo waliuawa hadharani bila silaha ya kujikinga, na Seneca alilalamika kwamba hayo yalikuwa mauaji matupu. Lakini hata mtazamaji wa Roma alijua tofauti kati ya kuua na kupambana. Wengi wetu tunaoandaa michezo hatujui. Tunaandika mauaji ya mchana halafu tunayaita pambano.

Na lile dole gumba la kushuka chini, ati ndiyo hukumu ya kifo? Picha hiyo imekaa vichwani mwetu kwa sababu ya mchoro wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872, kisha filamu zikaubeba. Warumi walisema dole "lililogeuzwa", na wasomi wanabishana mpaka leo liligeuzwa kuelekea wapi. Muhimu kwetu si dole, ni kwamba mpiganaji aliyezidiwa alikuwa na haki ya kuinua kidole kuomba aachiliwe, na pambano likasimama, na uwanja mzima ukageuka kumtazama aliyekaa kiti cha mbele. Wakati huo ni wa thamani kuliko dadu zote. Mwaka ule wa 80, Priscus na Verus walipigana mpaka wakalingana, wakasalimu amri kwa pamoja, na Kaisari Titus akawapa wote wawili ushindi na panga za mbao, alama ya kuachiwa huru. Tunajua kwa sababu mshairi Martial aliandika. Hakuna aliyekufa, na bado tunaliongelea karibu miaka 2,000 baadaye.

Umati nao haukuwa wa kupiga makofi tu. Kule Smirat, Tunisia, kuna mozaiki ya karne ya 3 inayoonyesha tajiri mmoja, Magerius, aliyefadhili mapambano ya wawindaji na chui wanne. Chui wenyewe wameandikwa majina! Kikundi cha wawindaji, Telegenii, kinaombewa dinari 500 kwa kila chui, na inaombewa mbele ya umati. Pembeni kuna mtu amebeba sinia la mifuko minne, kila mfuko una alama ya 1,000. Yaani tajiri amelipa mara mbili ya alichoombwa, watu wanamshangilia, naye akaiweka kumbukumbu hiyo kwa vijiwe vya rangi ili isifutike. Aliyekuwa uwanjani siku ile, kwa maana nyingine, ni Magerius mwenyewe. Angelipa pungufu, jina lake lingeliwa na mji mzima.

Kitu kingine Warumi walikijua ni kutolinganisha silaha. Retiarius alikuwa na wavu, mkuki wa meno matatu na kisu, mwili karibu uchi. Mpinzani wake, secutor, alikuwa na ngao kubwa na kofia laini ya chuma yenye matundu madogo ya macho, isiyo na mahali pa wavu kunasa. Ukitaka kuelewa hilo pambano nenda Gazi au Msambweni ukamwangalie mvuvi akirusha kimia. Ukirusha vizuri umemaliza kazi. Ukikosa, una sekunde kadhaa mikono mitupu ukivuta kamba. Secutor anajua hizo sekunde ndizo zake, lakini anavuta pumzi kwa shida ndani ya kofia na ngao ni nzito, kwa hivyo akichelewa, amechoka. Kila mmoja ana saa yake inayokimbia. Hapo huhitaji zimwi la vichwa saba.

Haya, turudi nyumbani. Kwani sisi hatuna viwanja? Tunavyo, na vingine vinafundisha kuliko Roma.

Vukeni bahari mpaka Pemba. Kule kuna mchezo wa ng'ombe, na wengi husema ni mabaki ya Wareno, waliokaa pwani hii karibu miaka 200 mpaka Fort Jesus ilipowatoka mkononi mwaka 1698. Fahali anafungwa kamba, vijana wanamchokoza kwa kitambaa na kumkwepa, wanawake wanaimba, zumari na ngoma zinampandisha mori. Tofauti kubwa na Hispania ni kwamba ng'ombe hauawi. Anarudi zizini. Ni mali ya mtu, na mwenye mali yuko pale pale anaangalia. Mchezaji anasifiwa kwa ujasiri na ufundi wa kukwepa, na ile kamba, kwangu mimi, ndiyo ufunguo wa kila kitu. Kamba ina watu upande wa pili. Watu wana nia zao.

Nenda Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho. Huko fahali wanapiganishwa wao kwa wao, isukuti zinalia, mashabiki wanakimbia na mafahali wao shambani. Pambano linaishaje? Mmoja anageuka na kukimbia. Basi. Aliyekimbia ameshindwa, hata kama hana mchubuko. Wale fahali hawana pointi za uhai, wana moyo, na moyo ndio unaoisha.

Halafu Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili wanachapana kwa magomba ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kinaisha. Kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, halafu watu wanakula pamoja, na mgeni asipokuwepo nyumbani kwako unamtafuta. Kule adui yako wa asubuhi ni jirani yako wa jioni. Na kirumbizi pia, Lamu na kwingineko pwani, wanaume wawili na fimbo mbele ya zumari: fimbo zinagongana kweli, lakini kila anayeangalia anajua mpaka uko wapi.

Ukiweka haya yote pamoja, unapata maswali manne ya kujiuliza kabla hujaandaa pambano la uwanjani. Nani analipa na anataka nini? Linaishaje kabla ya mtu kufa? Nani ameshika kamba? Na kesho yake, hawa watu watakutana wapi?

Nitawapa mfano niliouandaa mwenyewe, mkautumie bure. Mji wa kubuni juu ya mwamba wa matumbawe, mitaa miwili inayochukiana. Siku ya sikukuu analetwa fahali wa baharini, mnyama mkubwa mwenye magamba na pembe, amefungwa kamba ndefu iliyoshikwa na watu kumi, watano kila mtaa. Wahusika wenu wanaingia kumcheza. Hamasa ya umati ina kipimo cha 0 mpaka 10, inaanzia 4. Kila zamu, mhusika anayefanya kitu kipya na cha hatari mbele ya watu anaongeza moja. Akirudia ujanja ule ule, hapati kitu, watu wameshauona. Mkimwaga damu ya mnyama, hamasa inashuka 3 palepale, kwa sababu mwenyewe anasimama na kuanza kupiga kelele, na nusu ya umati ni ukoo wake. Ikifika 10, mmeshinda. Ikifika 0, mnatolewa kwa aibu, na aibu katika mji mdogo ni kitu kizito kuliko kidonda.

Sasa ile kamba. Kabla ya mchezo, mpinzani wenu amewahonga watu watatu kati ya wale kumi waiachie. Mchezaji mwenye macho makali anaweza kuona mtu mmoja anajifuta jasho mikononi mara nyingi kuliko wenzake. Mtafanyaje? Mtaenda kwa refa, ambaye binti yake anaolewa mtaa wa pili? Mtawahonga zaidi? Mtamwimbia mwenye ng'ombe sifa mpaka ashike kamba mwenyewe? Nimeliendesha hili pambano mara mbili. Hakuna mhusika aliyekufa hata mmoja, na mara zote mbili watu walisimama kwenye viti.

Lakini kuna jambo zito kuliko ufundi, na ndilo limenifanya niandike.

Skripti nyingi za viwanja zilizo tayari zinaanza hivi: mnaamka mmefungwa minyororo, mmeshauzwa, piganeni ili mpate uhuru. Tulipopakua moja, ilianzia ndani ya pango karibu na bahari. Mwenzetu mmoja anayetoka upande wa Shimoni akaweka dadu chini. Akasema yeye hawezi kufanya hilo pango kuwa mahali pa kuchukulia upanga na ngao, kisha asonge mbele.

Kwa wasiojua, Shimoni iko huku huku Kwale, unakata kushoto kutoka barabara ya Lunga Lunga, mbele yako ni kisiwa cha Wasini. Jina lenyewe linatokana na yale mapango. Wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri majahazi ya kuwapeleka Zanzibar. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria huku pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. 1907! Kuna watu wa pwani hii ambao babu wa babu yao alizaliwa na bei.

Mezani tukagawanyika. Wengine wakasema tufute utumwa kwenye michezo yote, wengine wakasema jamani huu ni mchezo tu. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Ukifuta utumwa, unabaki na uwanja wa magladieta ambao haujulikani ulilipiwa na nani, na hiyo ni kuusafisha. Ukisema ni mchezo tu, minyororo inakuwa mapambo, kama mataa ya disko.

Msimamo wangu: ukiuweka, weka na daftari lake. Weka zile dinari 20 na 1,000 za Gaius. Mchezaji ajue mhusika wake ameandikwa bei gani, na nani, na atafaidika nani akifa. Aliyekaa kiti cha mbele awe na jina na nyumba na watoto, asiwe kivuli cha mtu mbaya. Na weka mlango. Mwaka 73 KK, magladieta kama 70 walitoroka shule ya mapambano ya Capua wakiongozwa na Spartacus, na silaha zao za kwanza zilikuwa visu na mishikaki ya jikoni. Jikoni, wadau! Kila mtu alikuwa analinda uwanja. Waliishia kushindwa mwaka 71 KK na 6,000 kati ya wafuasi wao wakasulubiwa kando ya barabara, kwa hivyo siwauzii ndoto. Lakini mchezaji aliyefungwa lazima awe na jikoni ya kuchungulia, la sivyo wewe mwendeshaji umekuwa yule tajiri wa kiti cha mbele, unakula raha kwa mwili wa mwenzako aliyekosa la kuchagua.

Yule mwenzetu alirudi mezani tulipokubaliana hivyo. Mhusika wake sasa ni mpishi wa uwanja. Hapigani kabisa. Anahesabu visu.

Kwa hivyo ukikaa kuandaa uwanja wako, usianze na zimwi. Anza na aliyelipa. Halafu njoo hapa chini uniambie: huko kwenu, iwe Kwale, Pemba, Kakamega au Muscat, mnapambana kwa nini, na nani husema basi? Nataka kukusanya michezo mingine ya kwetu ya kuandalia mapambano, manake nina uhakika hii minne ni mwanzo tu.